Kwenda kongamano la wapiga picha ukitokea Mwanza: maswali mnayoniuliza

Tangu nirudi kutoka kongamano langu la pili, wiki haipiti bila mtu kuniuliza. Wengine wanapiga simu kutoka Sengerema, wengine wananishika mkono ukumbini katikati ya harusi, keki haijakatwa. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja, kwa ajili ya mwenzangu anayeishi kwa kamera kandokando ya ziwa hili na ambaye hajawahi kukaa ukumbi mmoja na wapiga picha mia mbili. Mimi ni mtu wa studio na harusi. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja ambaye wakati ule bado alikuwa anasafisha picha kwenye chumba cha giza.

Kongamano lina tofauti gani na tamasha au maonesho?

Kongamano ni la kusikiliza na kuuliza: kuna watoa mada, warsha, na meza za kupitiwa kazi. Tamasha ni la kutazama: picha zimetundikwa kwenye kuta, wakati mwingine mtaa mzima umegeuzwa jumba la picha. Maonesho ya biashara ni ya vifaa: kamera mpya, taa, karatasi, albamu. Waandaaji wengi huchanganya yote matatu, kwa hiyo soma ratiba kabla hujalipa, uone lipi limepewa saa nyingi.

Maonesho ya vifaa yamepungua nguvu. Photokina ya Cologne, Ujerumani, ilianza mwaka 1950 ikawa ndiyo hija ya watu wa kamera, lakini mwaka 2020 waandaaji waliisimamisha. Sifa na bei ya kamera siku hizi unazisoma kwenye simu ukiwa umekaa Igoma. Kitu ambacho simu haikupi ni mtu mwenye jicho kukaa mbele ya picha zako, akazitazama moja moja, akakuambia ukweli.

Mimi napiga pasipoti saizi, mahafali na harusi. Hayo si mambo ya wasanii?

Ni mambo yako kabisa. Kongamano la kitaaluma ni la mtu anayelipa kodi ya fremu na ada za watoto kwa kamera. Yale makubwa ya Marekani, kama Imaging USA la PPA, chama cha wapiga picha wa kitaaluma, au WPPI la Las Vegas, yamejengwa juu ya watu wa harusi na picha za familia. Mada zake ni bei, mikataba, taa, albamu, na namna ya kumkabili mteja anayelia bei.

Na kama kuna anayekudharau kwa sababu una studio ya kawaida, mkumbushe Seydou Keïta. Alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Wateja wake walikuwa watu wa mtaani waliotaka picha nzuri ya kumtumia ndugu. Leo picha hizohizo ziko kwenye majumba ya makumbusho. Malick Sidibé wa mji huohuo, mtu wa studio na dansi za vijana, alipewa Tuzo ya Hasselblad mwaka 2003, Mwafrika wa kwanza kuipata. Hawakuanza na kitu kikubwa kuliko ulicho nacho wewe pale Buzuruga.

Yako wapi?

Kwa Afrika, la zamani na lenye heshima ni la Bamako, Mali, lililoanza 1994 na hufanyika kila baada ya miaka miwili. Addis Ababa kuna Addis Foto Fest, iliyoanzishwa na Aïda Muluneh mwaka 2010. Nigeria kuna LagosPhoto, nayo ya 2010. Ufaransa kuna Arles, tangu 1970, na Perpignan, ambako Visa pour l'Image imekuwa ikiwakusanya wapiga picha za habari tangu 1989. Kabla ya kufunga safari, hakikisha kwamba mwaka huo linafanyika, maana haya mambo yanategemea wafadhili na amani ya nchi.

Mnapoyasikia majina hayo msidhani ukanda wetu ni mgeni kwenye hii kazi. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa dunia, alianzisha Camerapix akiwa Dar es Salaam, mwaka 1963.

Nianze na lipi?

Anza na unaloweza kulifikia kwa basi. Ukienda mbali mara ya kwanza, nusu ya akili yako itakuwa kwenye baridi, chakula na lugha. Na watu utakaokutana nao karibu ndio wanaoweza kukupigia simu mwezi unaofuata: "Nina kazi Ukerewe, wewe si uko Mwanza?"

Watu wa huku tumezoea kufikiri kwamba mambo yote yako Dar es Salaam, na Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Nairobi ni karibu zaidi: unapita Musoma, unavuka Sirari, unaendelea. Kampala unazunguka ziwa kupitia Bukoba na Mutukula. Wanaokwenda Dar, baadhi yao siku hizi huchukua basi hadi Dodoma kisha wanapanda treni ya SGR, na wanafika mgongo ukiwa mzima. Wenzetu wa Geita na Sengerema nao wamepumua: tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kukesha ukisubiri pantoni ndipo uanze safari yenyewe.

Niende lini bila kupoteza harusi?

Kwaresima na Ramadhani. Makanisa mengi hayafungishi ndoa Kwaresima, na Waislamu wengi hawaweki sherehe mwezi wa mfungo. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu na mwanzo wa Ramadhani ziliangukia wiki moja katikati ya Februari, kwa hiyo kipindi cha ukame kilikuwa kimoja badala ya viwili. Kwa mpiga picha hiyo ni hasara kama umekaa tu studio, na ni nafasi kama umejipanga. Chukua kalenda Januari, weka alama, kisha utafute kongamano linaloangukia humo.

Kama linaangukia Jumamosi ya Desemba, liache. Mteja aliyekupa advansi hapaswi kusikia habari za kongamano.

Gharama nizihesabuje?

Watu huhesabu kiingilio na nauli, wanasahau vingine. Andika: kiingilio, nauli ya kwenda na kurudi, kulala, kula, pasipoti kama huna, kuchapa picha za kubeba, na zile siku za kazi ambazo studio itakuwa imefungwa au imeachwa kwa kijana. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouma kuliko zote, na hakuna anayeiandika.

Njia za kupunguza zipo. Wanaojiandikisha mapema karibu kila mahali hulipa kidogo. Waandaaji wengi huhitaji watu wa kujitolea: kupanga viti, kusimama mlangoni, kupiga picha za tukio. Waandikie miezi mitatu kabla, kwa heshima, ueleze unachoweza kufanya. Mimi la kwanza niliingia hivyo. Nilikosa mada mbili nikiwa mlangoni, lakini kila mtoa mada alipita mbele yangu na nikamsalimia kwa jina.

Ya pili ni upatu. Tulikuwa watano, wote wa mjini hapa. Kila mwezi tulichanga, na anayepokea alikuwa na sharti moja: fedha iende kwenye mafunzo ya kazi, akirudi atufundishe alichopata, jioni moja, bure. Ule upatu umenifunza kuliko makongamano yenyewe, kwa sababu nilipata matano kwa bei ya moja.

Na angalizo. Mwaka mmoja niliona tangazo zuri la semina, nikatuma kiingilio kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Siku ilipofika nikamkuta mlinzi wa ukumbi peke yake na thamosi yake ya chai, hata hajui ninaongea nini. Kabla ya kulipa, piga simu ukumbini uulize kama nafasi imekodiwa. Mtafute mtoa mada anayetajwa kwenye tangazo, umuulize mwenyewe kama anakuja. Dakika kumi za simu zingeniokolea fedha ya mwezi mzima.

Nibebe kamera gani?

Moja, na lenzi moja. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu safari yangu ya kwanza.

Nilibeba miili miwili ya kamera, lenzi tatu, flashi mbili, stendi, na begi lililonivunja bega tangu stendi ya Nyamhongolo. Nilitaka nionekane mpiga picha. Siku ya pili mtoa mada mmoja, mama wa makamo anayesimamia uchaguzi wa picha kwenye gazeti, alikuwa amekaa peke yake wakati wa chai ya saa nne. Nikamsogelea, nikajitambulisha. Akaniambia, "Nioneshe kazi." Nikatoa simu. Nikaanza kupekua: picha za harusi zimechanganyika na risiti, video za watoto wangu, meme, picha za mteja ambaye hajalipa. Kioo kimepasuka kona. Alisubiri kwa uvumilivu, kisha akaitwa mahali. Nilibaki na begi langu zito, ambalo ndani yake hamkuwa na picha hata moja.

Kwa hiyo nawaambia: kwenye mkutano wa wapiga picha, kamera kila mtu anayo. Beba picha.

Picha zipi, ngapi, na nizichape wapi?

Ishirini. Chini ya kumi na tano hazioneshi mwelekeo, zaidi ya ishirini na tano zinachosha. Chapa inchi 8 kwa 12. Kwa ukubwa huo faili liwe na angalau pikseli 2,400 kwa 3,600, ili upate nukta 300 kwa inchi. Omba karatasi isiyong'aa, kwa sababu taa za ukumbini zinapiga juu ya karatasi inayong'aa na mtazamaji anaona balbu badala ya uso. Maabara za kuchapa tunazo hapahapa mjini, huhitaji kuagiza Dar. Ila chapa kwanza mbili za majaribio: kioo cha laptopu kinang'aa kuliko karatasi, na picha iliyoonekana sawa kwenye kioo hutoka nzito, hasa ngozi zetu. Fungua mwanga wa nyuso kidogo ndipo uchape zilizobaki.

Usichanganye kila kitu ulichowahi kupiga. Nina rafiki aliyepeleka maua, simba, bibi harusi, gari na nembo ya kampuni. Aliulizwa, "Hizi ni za watu wangapi?" Chagua jambo moja au mawili. Na chagua ya huku. Machweo na mawe ya Bismarck kila mgeni anayetua Mwanza anayo kwenye simu. Wewe una vitu ambavyo mgeni wa siku mbili hawezi kuvipata: soko la Mwaloni Kirumba alfajiri, magunia ya dagaa yakishonwa kwa safari ya Kongo, taa za wavuvi usiku usio na mwezi, ambazo ukiwa Igombe unadhani ni mji mwingine umejengwa majini, ngoma za Wasukuma za Bulabo kule Bujora mwezi wa Juni, bibi harusi anayefundwa na shangazi zake, ambako mwenye kamera haruhusiwi ila kwa kuaminiwa.

Kupitiwa kazi ni nini, na inakuwaje?

Ni miadi. Unakaa meza moja na mhariri, mwalimu au mpiga picha mkongwe, kwa dakika 15 au 20, na unaondoka. Mahali pengine inalipiwa pembeni ya kiingilio, na nafasi huisha mapema kuliko tiketi zenyewe. Ukiweza kulipia kitu kimoja tu cha ziada, lipia hicho.

Safari ya pili nilikwenda na ishirini zangu kwenye kasha la albamu. Mzee aliyekaa mbele yangu hakuuliza kamera wala lenzi. Alizipanga zote mezani kama karata, akanyamaza. Kimya hicho kinatisha. Kisha akaanza kuziondoa. Aliondoa bibi harusi wangu juu ya jiwe la Capri Point wakati wa machweo, picha ambayo imenipa wateja wengi kuliko zote. Akaondoa na mbili za ngoma. Akabaki na sita. Kati ya hizo akanyanyua moja ya mama anayeanika dagaa mchangani Igombe, ameinama, mkono mmoja umefagia samaki na mwingine umemshika mtoto.

"Huyu anaitwa nani?"

Sikujua. Nilikuwa nimesimama naye nusu saa, nikapiga picha arobaini, nikaondoka bila kumuuliza jina. Yule mzee hakunigombeza. Aliiweka chini taratibu, akasema hii ndiyo bora kuliko zote na ndiyo ambayo sijaimaliza. Dakika zangu zikaisha.

Kwa hiyo majibu ya kupitiwa kazi ni haya. Usijitetee. Usieleze picha kabla haijatazamwa. Mwombe mwenzako akae pembeni aandike kinachosemwa, kwa sababu wewe utakuwa unasikia nusu tu. Uliza swali moja mwishoni, umelitayarisha nyumbani: "Nikirudi nipige nini kinachokosekana hapa?" Na jua majina ya watu waliomo kwenye picha zako.

Betri kwenye ndege zina masharti gani?

Betri za akiba ziende kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linalopelekwa buti la ndege. Kipimo ni wati-saa: zidisha volti kwa amperi-saa (mAh 1,000 ni amperi-saa 1). Betri ya kamera ya volti 7.2 na mAh 2,000 ni 7.2 mara 2, yaani 14.4, haina shida. Hadi 100 unaruhusiwa bila kuomba. Kati ya 100 na 160 omba ruhusa ya shirika la ndege, na kwa kawaida ni mbili tu za akiba. Zaidi ya 160 baki nayo nyumbani. Pawabenki ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, na hapo ndipo watu wanapoachia vitu vyao uwanjani. Ziba ncha za betri kwa utepe wa kunata zisigusane.

Soketi: Kenya na Uganda ni pini tatu kama zetu. Ethiopia, Rwanda na Ufaransa ni pini mbili za mviringo, kwa hiyo nunua adapta hapa kabla, ni rahisi.

Na mpakani, vifaa vyangu havitatozwa ushuru?

Andika orodha ya vifaa na namba zake za mfululizo, ambatanisha risiti kama unazo, na uvioneshe kwa maofisa wa forodha wakati unatoka, wakugongee. Unaporudi unaonesha karatasi hiyohiyo. Asiye na karatasi anaweza kujikuta anaeleza kwamba kamera aliyoinunua Makoroboi miaka minne iliyopita si mzigo mpya. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na mwili mmoja wa kamera hauzui maswali kama mitano, sababu nyingine ya kusafiri mwepesi.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji.

Changu pia. Andika sentensi tano kuhusu kazi yako, mpe mwalimu wa sekondari azinyooshe, uzishike kwa kichwa: unatoka wapi, unapiga nini, kwa nini, kwa muda gani, unatafuta nini. Zitakuvusha siku nzima. Nairobi, Kampala na Kigali utampata anayejua Kiswahili ndani ya dakika tano. Kwenye kupitiwa kazi omba mkalimani mapema, hakuna aibu. Na hapa ndipo picha zilizochapwa zinapokubeba: zikiwa mezani, maneno machache yanatosha.

Nianzeje kuongea na watu wakubwa?

Kama unavyoongea na mzee yeyote: salamu kwanza, jina, unatoka wapi, kisha kitu kimoja cha kweli kuhusu kazi yake. Usianze na "naomba namba." Soma kuhusu mtoa mada kabla ya siku, utazame picha zake. Wakati mzuri si mara tu baada ya mada, ambapo amezungukwa. Ni kwenye foleni ya chakula, au asubuhi mapema ambapo ukumbi bado una viti vitupu. Andika nyuma ya kadi yake mliongea nini. Mtumie ujumbe mfupi ndani ya wiki, wenye picha moja tu.

Usiwasahau walioketi kushoto na kulia kwako. Mtu niliyefaidika naye zaidi ni kijana wa Kisumu aliyekuwa kiti cha nyuma. Naye anapiga wavuvi, ng'ambo ileile ya maji yetu, na sasa tunapelekeana kazi.

Naruhusiwa kupiga picha mada na slaidi?

Uliza kila mara. Wengine wanaruhusu, wengine wanaishi kwa kuuza mafunzo hayo. Daftari haikatazwi na mtu.

Wanayofundisha yanafaa mazingira yetu?

Mengine moja kwa moja, mengine lazima uyageuze. Chukua mwanga. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kinafuata kijivu cha kati, kile kinachoakisi asilimia 18 ya mwanga. Shela jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na uso wa bibi harusi wetu unazama gizani. Mwalimu anayepiga watu weupe kila siku hana haja ya kulizungumza hilo kwa urefu. Wewe pima usoni, weka taa pembeni na iwe pana, ili ngozi iakisi mwanga kwa upole badala ya kutoa jasho la flashi kwenye paji. Swali hili liulize kwenye warsha, kwa sauti. Rangi za filamu za zamani zilipimiwa kwa kadi zenye picha za wanawake weupe, na wataalamu wengi wanapenda kulizungumzia jambo hili ukiwapa nafasi.

Bei za dola usizibebe kama zilivyo, beba hesabu yake: gharama za mwaka, gawanya kwa kazi unazoweza kweli kufanya, ongeza mshahara wako. Mimi nilipokaa nikafanya hesabu hiyo nikagundua kwamba harusi za Jumapili za mbali nilikuwa nazigharamia mimi mwenyewe.

Mikataba ndiyo iliyonibadilisha. Nilikuwa nafanya kazi kwa maneno na kamati ya harusi, na kamati ikivunjika hakuna wa kumdai. Sasa nina ukurasa mmoja: tarehe, saa za kazi, idadi ya picha, advansi, lini salio linalipwa, na nani anaruhusiwa kuzitumia picha. Kwa sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, picha ni kazi inayolindwa, na Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao haudai usajili ndipo haki izaliwe. Kusajili COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kunakusaidia kuthibitisha siku ya ugomvi. Upande wa pili nao una haki: tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikifanya kazi, na uso wa mtu ni taarifa yake. Kabla ya kutundika bibi harusi kwenye bango la studio, pata ridhaa yake kwa maandishi.

Wageni wakija kukutana kwetu Mwanza, niwaambie nini?

Waambie kwanza saa. Sisi tuko magharibi ya nchi lakini saa ni ileile ya Dar, kwa hiyo jua letu linachelewa: linachomoza kati ya saa 12:25 na saa 1 asubuhi, linazama kuanzia saa 12:35 hadi saa 1 na dakika chache jioni. Utosini linafika kama saa saba kasorobo. Mgeni wa Dar akikadiria kwa mazoea yake anawahi karibu nusu saa. Na hapa karibu na ikweta jua halibembelezi, linashuka wima. Ule mwanga wa dhahabu ukiusubiri ukiwa unatafuta bodaboda, umekwisha.

Saanane ni jirani: hifadhi ya taifa ya kisiwani tangu 2013, kama kilomita za mraba 2 tu pamoja na maji yake, unapanda boti Capri Point na dakika chache umefika. Pimbi wanaota jua juu ya mawe. Droni isirushwe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hifadhini ni ruhusa nyingine tena. Bandari, uwanja wa ndege na maeneo ya jeshi, weka kamera begini. Mifuko ya plastiki waiache kwao; imekatazwa tangu Juni 2019.

Mwaloni wasiingie wamenyanyua lenzi. Watu pale wako kazini, na wengi wamechoka kupigwa picha na wasiowajua. Salamu ya asubuhi ya Kisukuma kwanza, "Mwangaluka, mayu," kisha nunua kitu, kaa kidogo, omba. Ukikataliwa, shukuru uondoke. Jioni zenye wingu la wadudu wa ziwani usibadilishe lenzi nje. Wanaingia hadi kwenye kihisi cha kamera.

Watatoa cheti?

Wengi hutoa. Changu kiko ukutani, na hakuna mteja aliyewahi kukiuliza.

Nikirudi nifanye nini kwanza?

Lala. Kisha soma daftari siku ya pili, uchague jambo moja la kubadilisha mwezi huo. Ukichagua saba hutafanya hata moja. Lile la kwanza kwangu lilikuwa mkataba.

La pili lilikuwa Igombe. Nilichapa ile picha kubwa, nikaenda nayo Jumatatu, nikaulizia kwa wanaoanika. Nilielekezwa mara tatu kabla ya kufika. Jina lake nimeliandika nyuma ya picha, kwa ruhusa yake, na la mtoto pia, ambaye sasa anatembea. Aliitazama muda mrefu bila kusema kitu, akafuta magamba mikononi ndipo akaishika. Kisha akaniambia nisiondoke, akamtuma mtu akamwite mama yake avae kitenge kizuri, aje naye apigwe.